Mmempa Dogo Jina la "Mkenya wa Barafu"? Haya, Mjueni Huyo Mkenya

Leo siandiki nani kaachana na nani. Umbea upo, tena wa moto, kuna mtu hapa mjini anapanga harusi ya pili na ya kwanza bado inadaiwa pesa za turubai, lakini huo utasubiri wiki ijayo. Leo nina dukuduku, na nisipolitoa silali.

Kuna dogo mmoja hapa Sumbawanga, jina lake sitaji. Hata hivyo ukiwa na kawaida ya kuamka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na ukakaa jirani na barabara ya kwenda Matai, umeshamuona. Mwembamba, kaptula imefifia rangi, soksi hazifanani. Anapita anakimbia wakati sisi tunatafuta blanketi la pili. Mwaka jana alishinda bonanza moja la kilomita kumi, mkambeba juu juu, mkapiga naye picha, na wengine mkaweka ile picha kwenye profaili kama vile mmemzaa nyie.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akapelekwa kaskazini kwenye mbio za nyika, zile za kufungua msimu. Akamaliza nyuma huko, nafasi ya sitini na kitu. Mtu kamrekodi na simu akiingia peke yake, kajaa matope mpaka kifuani. Ile klipu ilifika Sumbawanga kabla yake, maana yeye alikuwa bado kwenye basi.

Halafu fundi mmoja wa kuunganisha video, ambaye naye simtaji ila anajijua, akaichukua klipu ya dogo akaibandika pembeni ya klipu ya zamani ya Mwafrika mmoja juu ya theluji. Kavaa vile vibao virefu miguuni, fimbo mbili mkononi, anahangaika kupanda kilima, uwanja umeshabaki mtupu. Akaandika juu: "Mkenya wa Barafu na mdogo wake." Basi. Ndiyo likawa jina. Sasa hivi hata watoto wa shule wakimuona dogo anapita wanapiga kelele, "Mkenya wa Barafuuu!"

Niseme ukweli, na mimi nilicheka. Nilituma vile vikatuni vitatu vya kulia kwa kicheko, nikaisukuma klipu kwenye makundi mawili.

Kilichonizindua ni saluni. Nipo nanyolewa, stori ni hiyo hiyo, nikauliza tu, "Hivi huyo Mkenya mwenyewe anaitwa nani?" Kimya. Jamaa mmoja akasema ni mchekeshaji wa Nairobi. Kinyozi akasema hapana, ni filamu ya Wazungu. Watu kumi tunamcheka mtu na hakuna hata mmoja anayemjua! Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na nilichokisoma kimeniondolea kicheko.

Anaitwa Philip Boit. Mtu wa Eldoret, kazaliwa 1971. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na ni ndugu wa ukoo wa Mike Boit, yule aliyechukua shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kwa hiyo huyu hakuokotwa barabarani. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ikamchukua yeye na mwenzake, Henry Bitok, ikawapeleka Finland. Wazo lilikuwa hivi: Wakenya wana mapafu na moyo wa kukimbia masafa marefu, je, tukiwafungia skii, itakuwaje? Theluji wenyewe hawakuwahi kuikanyaga. Hebu jiweke hapo. Mtu mzima, mwanariadha kamili, unajifunza kusimama upya kama mtoto wa mwaka mmoja.

Maana zile skii si kukimbia, jamani. Mbio zile, zinazoitwa skii za nyika, ni kilomita kumi, kumi na tano, mpaka hamsini. Unapanda vilima kwa nguvu zako mwenyewe, hakuna mashine ya kukuvuta juu. Miguu inasukuma, mikono inasukuma, tumbo na mgongo vinasukuma. Mkimbiaji wetu ana miguu na pumzi, lakini mabega yake ni ya kubebea begi tu. Na bado hujagusa nta. Chini ya skii wanapaka nta kulingana na theluji ya siku hiyo, na ukikosea, theluji inakung'ang'ania kama tope la mwezi wa pili linavyong'ang'ania buti shambani kule Laela. Kila hatua unanyanyua na kilo moja ya nchi.

Tarehe 12 Februari 1998, Olimpiki ya Nagano, Japani, Boit akasimama kwenye kilomita kumi. Mkenya wa kwanza kabisa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyetumia dakika 27 na sekunde 24. Boit akatumia dakika 47 na sekunde 25. Nafasi ya 92, ya mwisho. Dakika 20 nyuma ya mshindi! Kwa hesabu za saluni yetu, hiyo ni aibu ya kuhama mkoa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo yule fundi wa video aliikata. Dæhlie, ambaye alitoka Nagano akiwa na jumla ya dhahabu 8 za Olimpiki katika maisha yake, hakuondoka. Sherehe ya kutoa medali inasubiri, yeye kasimama kwenye mstari na baridi ile, anamngoja mtu wa mwisho. Boit alipofika akamkumbatia. Wakawa marafiki. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Yaani huko Kenya kuna kijana anaitwa jina la Mnorwe kwa sababu Mnorwe alikuwa na adabu.

Bingwa alielewa kitu gani ambacho saluni nzima ya Sumbawanga hatukukielewa? Alijua kazi iliyoko nyuma ya zile dakika 47. Sisi tuliona dakika tu.

Na Boit hakuishia pale. Alirudi Olimpiki ya Salt Lake City 2002, akarudi tena Turin 2006 akiwa na miaka 34, na huko mbele hakuwa wa mwisho tena. Mwanzo wake ndio mliobandika pembeni ya dogo. Hayo mengine hamkuyatafuta.

Lakini kinachonikera zaidi mimi ni kingine, na ndicho kimenifanya niandike. Wakati ule wapo waliosema Nike wanafanya maigizo ya matangazo, wanamtumia Mwafrika kuuza viatu. Huenda ni kweli, kampuni si mama yako. Ila tazama mpangilio wa mambo: walimlipia mazoezi kwanza, mwaka 1996. Mbio kubwa wakazidai 1998. Katikati hapo kuna miaka miwili ya kula, kulala, kufundishwa na kuanguka bila mtu kumuuliza medali iko wapi. Hata kama nia ilikuwa biashara, utaratibu ulikuwa sahihi. Sisi wa hapa, wenye nia njema na upendo wa mkoa, tunafanya kinyume. Tunadai mbio kwanza, mazoezi atajijua.

Nilipoanza kuwafuatilia hawa watu wa skii ndipo nikaona tulivyo wageni. Mwaka wao wanaanza mwezi wa tano, theluji yenyewe imeshayeyuka. Miezi yote ya joto wanafanya mazoezi kwenye lami, juu ya skii fupi zenye magurudumu, fimbo mkononi, wanapanda milima huku jasho linachuruzika na watalii wanawashangaa. Siku nyingine wanakimbia porini na fimbo zao. Siku nyingine ni kunyanyua vyuma kwa ajili ya mikono. Wale wakubwa wanafikisha kati ya saa 800 na 1,000 za mazoezi kwa mwaka. Gawa mwenyewe uone kwa wiki inakuja ngapi.

Na katika saa zote hizo, sehemu kubwa, kama nane au tisa kati ya kumi, ni mwendo wa taratibu. Taratibu kweli kweli, unaongea na mwenzako. Wanorwe wanafikia hatua ya kutoboana sikio au kidole katikati ya mazoezi wapime damu, na mara nyingi kinachotafutwa ni kumzuia mtu asije akazidisha kasi siku ambayo si ya kasi. Huku kwetu mtu akimuona dogo anakimbia polepole anamwambia "Kaza, wewe! Unatembea?" Juzi nimemsikia mzee mzima wa heshima zake akimpigia kelele hivyo kutoka dirishani kwa kibajaji. Shikamoo mzee, lakini dogo alikuwa sahihi.

Halafu unafika mwezi wa kumi na moja. Msimu unafunguliwa. Wafini wana mbio zao za kwanza kule Muonio, Wanorwe Beitostølen, Waswidi Gällivare, kisha mwisho wa mwezi wanakutana Ruka, Finland, kwa Kombe la Dunia. Theluji ikichelewa hawakai kulia. Kule Davos, Uswisi, wanatunza lundo la theluji ya mwaka uliopita chini ya maranda ya mbao kiangazi kizima, mwezi wa kumi wanalifunua, wanalitandaza, watu wanaanza kazi. Maranda, ndugu zangu! Haya haya ambayo seremala wetu anawapa wafuga kuku bure.

Hizo mbio za mwezi wa kumi na moja ndizo nilitaka mzielewe. Mabingwa wanashindwa pale. Wanaingia na miguu mizito kwa sababu bado wako katikati ya mazoezi makali, hawajapumzishwa. Kocha hatazami nafasi tu. Anatazama: amepanda kile kilima vipi, kilomita ya mwisho mikono ilikufa au ilikuwa hai, nta ilishika, alilala vizuri usiku? Mbio ya kwanza ni kama kupima udongo kabla ya kupanda, hakuna mtu anayevuna siku hiyo. Mavuno ni mwezi wa pili na wa tatu, kwenye ubingwa. Mwaka 2025, kwenye ubingwa wa dunia kule Trondheim ulioisha Machi, Johannes Høsflot Klæbo alishinda mbio zote 6 za wanaume. Zote. Nani leo anakumbuka nani alimpita nani mwezi wa kumi na moja?

Mtasema hao ni Wazungu na theluji yao. Haya, njoo nyumbani. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, mwezi wa nne 2025 alikuwa wa pili Boston. Mwezi wa tisa akachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03, yaani kifua tu. Marathoni anazokimbia kwa mwaka unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vinabaki. Hamumuoni kila Jumamosi kwenye bonanza la kugombea mfuko wa mchele.

Kuna kitu kingine kilinichekesha, safari hii kicheko cha uchungu. Hao Wanorwe msimu ukikaribia wanapanda kambi za milimani ili damu izoee hewa nyepesi. Mojawapo ya sehemu wanazozipenda ni mji unaoitwa Livigno, Italia. Wanalipa ndege, wanalipa hoteli, wiki mbili wiki tatu. Nikaangalia Livigno iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Karibu mita 1,800.

Sumbawanga je? Karibu mita 1,800.

Nikaenda nikachungulia dirishani, nikaona mbuzi wa jirani anakula kanga iliyoanikwa. Jamani, tunalala bure mahali ambapo wenzetu wanalipia! Na ukitaka zaidi, milima ya Mbizi iko hapo, inapita mita 2,000, msitu, baridi, njia za kupanda mpaka roho itoke. Mwezi wa sita na wa saba upepo wa Ufipa unakata masikio. Ukishuka bonde la Rukwa upande huu ni joto, ukishuka Kasanga ziwani upande ule ni joto, katikati sisi tumekaa juu ya meza tunavaa makoti. Ingekuwa ni nchi ya watu wengine hapa pangekuwa na kambi yenye foleni.

Ila nisidanganye mtu. Mwinuko peke yake haukimbizi. Ungekuwa unakimbiza, na mimi ningekuwa bingwa, nimezaliwa hapa na nikipanda ngazi za benki nahema. Hewa nyepesi inamsaidia anayefanya mazoezi kwa mpango, akala, akalala, akapumzishwa. Dogo ana hewa. Hivyo vingine ndivyo nilikwenda kuvitafuta nyumbani kwao.

Nilikwenda Jumapili. Mama yake akanipokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, uji wa ulezi ukaja kabla sijasema nimekuja kufanya nini. Dogo yuko kwenye kigoda, mguu kauloweka kwenye beseni la maji baridi. Akanitazama.

"Kaka, wewe ndiye wa ile blogu?"

"Ndiyo mimi."

"Na wewe ulicheka?"

Ningeweza kuzunguka. Mama yake amesimama pale na kata ya uji. "Nilicheka, dogo. Na nikatuma kwa watu. Nisamehe."

Akanyamaza kidogo, akageuza mguu ndani ya maji. "Huyo Mkenya, alishinda?"

"Hapana. Alikuwa wa mwisho."

"Alimaliza?"

"Alimaliza."

"Sawa," akasema, akaendelea na mguu wake.

Ndipo akanieleza safari. Siku mbili kwenye basi, kupitia Mpanda na Tabora, magoti yamegusa siti ya mbele, chakula ni mihogo na mayai ya kuchemsha ya dirishani. Akashuka usiku wa manane. Asubuhi yake akasimama kwenye mstari na vijana wa Arusha na Manyara waliolala vitandani mwao, kwenye matope, na viatu vya lami visivyo na meno. Mimi nikishuka kwenye basi la siku mbili siwezi hata kuongea vizuri. Yeye alikimbia kilomita kumi na kupita watu. Klipu haikuonyesha waliokuwa nyuma yake. Walikuwepo.

Nikamuuliza kuhusu mguu. Ugoko. Unamuuma tangu mwezi wa kumi na mbili, akikanyaga asubuhi ndiyo balaa. Nikamuuliza kati ya mwezi wa kumi na sasa amekimbia mashindano mangapi. Akahesabu kwa vidole: saba, bila hiyo ya kaskazini. Saba! Kila moja mbio za kufa na kupona, maana zawadi ni ya mtu wa kwanza, wa pili anapata pole. Mwalimu anayemfundisha, mtu mzima aliyestaafu ambaye hajalipwa hata nauli, alishamwambia kwamba mfupa wa mguu unachoka kama chuma kinavyochoka: unauma kidogo kidogo, usipousikiliza unaweka ufa, na ufa ukiingia si wiki mbili za kupumzika tena, ni miezi. Mwalimu kasema apumzike, halafu aanze upya taratibu. Dogo anamsikiliza mwalimu. Tatizo halipo kwa dogo.

Tatizo ni bwana mmoja mkubwa. Huyu naye simtaji, ila gari lake ni jeupe na fulana zake mnazo majumbani, zina sura yake kifuani, mnadekia. Ana bonanza karibu kila mwezi na hawezi kulifanya bila dogo, kwa sababu dogo ndiye anavuta watu. Viatu alimuahidi mwezi wa saba mwaka jana, mbele ya kipaza sauti, tukapiga makofi. Mpaka naandika hapa viatu viko njiani. Vingekuwa vinatembea kwa miguu vingeshafika. Na Jumamosi hii bonanza lingine lipo, na matangazo yameshapita mitaani kwamba bingwa wetu atakuwepo.

Sasa najua mtakachoniambia kwenye komenti, na wala si cha kijinga. Mtaniambia: wewe mwandishi unakaa na simu yako, dogo anakula nini? Bonanza linatoa elfu hamsini na gunia la mahindi. Huu ni mwezi wa pili, ghala limebaki vumbi, mahindi mapya bado yako shambani. Utamwambiaje mama yake kwamba mwanao asikimbie kwa sababu Wafini wana mpango wa mazoezi?

Hilo limenisumbua kuliko yote, na sina jibu la ujanja. Kweli gunia ni gunia. Nililiona ghala lao, sihitaji kuhadithiwa. Lakini hesabu yenyewe tuipige mpaka mwisho. Dogo akikimbia Jumamosi na ule mfupa ukaweka ufa, gunia litaliwa mwezi mmoja, na yeye atakaa mpaka msimu wa baridi hajakimbia. Na hilo bonanza la mwezi unaofuata bwana mkubwa atamtafuta kijana mwingine. Yupo tayari, nimeshamuona, ana miaka kumi na saba na anakimbia peku.

Elfu hamsini na gunia si pesa za kumshinda mtu anayechapisha fulana mia tatu. Ampe dogo hilo gunia bila kumkimbiza. Ampe viatu vyenye meno kwa ajili ya nyika, na nauli ya kufika siku tatu kabla ya mbio. Kisha mwezi wa saba, kwenye baridi yetu, mguu umepona na mwalimu ameridhika, afanye bonanza moja kubwa, aite watu wa Mbeya na Katavi waje wapigwe nyumbani. Hapo avae fulana yenye sura yake hata mgongoni, tutampigia makofi. Simnyimi mtu sifa. Nike walitaka sifa, wakazinunua kwa miaka miwili ya mazoezi ya watu wawili. Sifa za bure ndizo zinazovunja watu miguu.

Na nyie wa ule mtaa wa pili mnaosema mwaka jana dogo alishinda kwa dawa na sasa dawa imeisha nguvu, hebu acheni. Nchi nzima inatutania kwa radi na nyungo, sawa, tumezoea, hata jina la mji wetu linasema tutupe uchawi. Lakini kama kungekuwa na dawa ya kupita watu sitini kwenye matope baada ya siku mbili za basi, mimi ningekuwa wa kwanza kuinunua, na ningeipaka kwenye kibajaji changu.

Jina lenyewe wala sisemi mliache. Nilimuuliza dogo kama nimpiganie liondolewe. Akasema hapana, liacheni. Alikuwa ameshaomba simu yangu akaangalia ile klipu nzima ya Nagano, siyo kipande cha fundi wetu. Aliirudia mara mbili pale Mnorwe anaposubiri. Halafu akaniuliza kama Eldoret ni mbali na kama theluji inanuka.

Jana jioni kanitumia ujumbe. Jumamosi haendi. Kamwambia bwana mkubwa mwenyewe kwa mdomo wake, kwa heshima, na mama yake alikuwa pembeni. Jibu alilopewa silichapishi hapa, watoto wanasoma. Nimeanza kuchangisha la gunia, sisi watano tumeshatoa, namba ya kuchangia mniombe mimi moja kwa moja, na yule fundi wa video nimemtumia yeye kwanza. Amesoma, tiki mbili za bluu, hajajibu.

Wiki mbili mwalimu kamwambia mguu upumzike, kisha atarudi barabarani, taratibu. Kwa hiyo mwezi ujao ukimpita dogo alfajiri barabara ya Matai na bodaboda yako, ukamuona anakwenda mwendo wa mtu anayetafuta kuku aliyepotea, usimpigie honi wala usimwambie akaze.